Jiwe Lililokuwa Likizama

Babu alikuwa havuki Mto Bubu bila kulisalimu jiwe. Analigusa ubavuni kwa kiganja, anasema "Mbukwa," ndipo anaendelea na safari yake. Lilikaa katikati ya mto, la kijivu, mgongo kama wa kiboko, nasi watoto tulilipanda kwa hatua mbili. Mto wenyewe kiangazi chote ni mchanga mtupu. Mgeni akiulizia mto tunamwonyesha mchanga, naye anadhani tunamtania.

Kijijini walisema jiwe lile linazama. Walikuwa na hoja yao: Dodoma si imepata jina kwa tembo aliyedidimia kwenye tope, watu wakasema "idodomya"? Ardhi iliyommeza tembo itashindwa na jiwe? Siku litakapozama lote, walisema, maji nayo yatahama. Babu alisikiliza, akatema tumbaku yake. Yeye alishikilia kwamba jiwe haliendi popote. Alisema utotoni mwake, kabla hajaenda Tanga kukata mkonge, lilikuwa refu kuliko tembe, na upande unaotazama Kondoa, maji yanakotoka, lilikuwa na pa kukalia, na hapo pa kukalia pamechongwa bao. Hakuna aliyelikumbuka bao hilo. Waliocheza naye walikwisha kufa wote, na nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko ubishi.

Septemba 1997 visima vya mchangani vilikauka kimoja baada ya kingine. Unachimba mpaka kiunoni, unaambulia unyevu tu. Babu akaniamsha alfajiri, tukachukua punda, madumu manne, chepe na sahani ya bati. Alisema maji yanayopita chini ya mchanga yakikuta jiwe hugota, kwa hiyo tuchimbe upande wa juu. Tukachimba shimo pana kama bakuli, kwa sababu shimo jembamba kuta zake humeguka na kukufukia. Magotini mchanga mkavu. Kiunoni wa baridi. Kifuani chepe likalia ngo!

Nilijua tumefika mwisho. Babu akashuka, magoti yakimlia, akawa anafagia mchanga kwa kiganja polepole. Kidole chake kikatumbukia. Akakizungusha humo kama mtu anayemsafisha mtoto sikio, akatoa donge la mchanga mbichi, akahamia pembeni. La pili. La tatu. Safu mbili za mashimo, kingo zake laini kama ndani ya kinu cha zamani. Hakusema neno. Maji yakaanza kujikusanya ndani ya mashimo hayo, kijiko kijiko.

"Leta kokoto," akaniambia.

Mama mdogo alipokuja na ndoo alitukuta shimoni, punda amesimama juani, mimi nimeshafungwa mara mbili na mzee ananicheka bila huruma.

"Baba! Watu wana kiu nyumbani, ninyi mnacheza bao?"

"Shuka uone."

Akashuka. Akapitisha mkono kwenye mashimo, akamtazama babu, kisha akachukua sahani akaanza kuchota. Tuliondoka na madumu matatu na nusu.

Miaka kadhaa baadaye mwalimu wa jiografia ndiye aliyenifungua macho. Vilima vya Kondoa vilikuwa vimeliwa na makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa huko kabisa. Udongo uliomomonyoka ulishuka na mito, na Bubu unaishia kwenye mbuga ya Bahi, haufiki baharini. Jiwe halikuzama, mto ndio uliopanda. Nilimweleza babu hayo yote kwa madaha ya mwanafunzi wa sekondari. "Mimi nilisemaje?" akanijibu, akaendelea kufunga tumbaku.

Lakini bao sikuliona tena. Mvua za El Nino zilikuja msimu uleule, Bubu ukashuka mwekundu na magogo, siku nyingi hakuna aliyethubutu kuvuka. Maji yalipopungua, jiwe tulilipanda kwa hatua moja. Babu alipovuka mara ya kwanza ilibidi ainame ndipo aliguse ubavu, akasema "Mbukwa" akiwa amepinda hivyo hivyo, mkono mmoja kiunoni.