Siku moja maishani mwangu: mtu wa maabara ya fizikia

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua maabara, kitu cha kwanza ni mzani wa dijitali. Hauna kitu juu ila unasoma gramu 0.3. Sijui ni vumbi au umechoka tu, nikibonyeza kitufe cha kurudisha sifuri unatii dakika kumi halafu unarudia ukaidi wake. Naandika kwenye daftari: mzani, asubuhi, 0.3. Chombo kinachodanganya kwa kiasi kilekile kila siku hakinisumbui sana, ukishakijua unatoa tu hiyo 0.3 maisha yanaendelea.

Saa 3. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaingia, leo ni pendulamu, gololi ya chuma inayobembea kwenye uzi, kutafuta g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvuto wa dunia (mita kwa sekunde mraba). Kabla hawajagusa chochote nawaambia kila kikundi kiandike kwa peni, siyo penseli, kinategemea kupata nini na kwa nini. Wananung'unika kila mwaka. Lakini usipoandika mapema, jibu lolote litakalotoka utajishawishi kwamba ndilo ulilokuwa unalitarajia.

Saa 3:40. Dada mmoja anapima bembeo moja tu, kwenda na kurudi, kwa stopwochi. Namuuliza, kidole chako kinachelewa kiasi gani? Anacheka. Sasa kidole cha mtu kinaweza kukosea kama sekunde 0.2, na bembeo moja la uzi wa mita moja ni sekunde 2 hivi, hiyo ni asilimia 10 imeshapotea hata hujaanza. Pima bembeo 20 kwa mkupuo kisha gawanya, kosa la kidole ni lilelile moja ila sasa linagawanywa kwa 20. Alivyoielewa alirudi mezani mbio mbio.

Saa 4:30. Hapa ndo siku yenyewe ilipo. Kikundi cha dirishani kimefanya kazi safi kabisa, mara tano za bembeo 20, kwa sekunde: 40.31, 40.52, 40.38, 40.49, 40.40. Wastani 40.42. Wanapiga hesabu wanapata g ni 9.67, shaka ya 0.02 juu na chini. Tatizo ni kwamba g juu ya uso wa dunia ni kati ya 9.78 ikweta na 9.83 kwenye ncha. Yaani hata ukiwapa shaka yao yote hawafiki.

"Ticha, ni hewa." Kila kitu ni hewa! Ikishindikana hewa inakuwa "makosa ya kibinadamu", maneno ambayo ningekuwa na mamlaka ningeyapiga marufuku kwenye ripoti, maana hayasemi nani alikosea wapi kwa kiasi gani. Nikawaambia angalieni namba zenu, zinakaa pamoja vizuri, kwa hiyo siyo mkono unaotetemeka, kuna kitu kinawasukuma wote upande mmoja, na hicho hata mkipima mara elfu hakiondoki, mtazidi tu kuwa na uhakika na jibu baya.

Mwingine akasema labda ni pembe ya kuachilia. Dhana nzuri, ina namba: ukiachia kwa digrii 40 kipindi, yaani muda wa bembeo moja, kinarefuka kama asilimia 3. Lakini wao waliachia kwa digrii kama 10, hapo kipindi kinarefuka asilimia 0.2 tu, kwenye g ni kama 0.4, na g yao imepotea asilimia 1.4 hivi. Pembe haina kesi.

Saa 6. Wengine wametoka, hawa hawataki kutoka. Nawapa mfano wa jaribio la OPERA, 2011, neutrino (chembe ndogo sana) kutoka maabara ya CERN, Uswisi, hadi maabara ya Gran Sasso, Italia, kilomita 730, zikaonekana zinaiwahi nuru kwa nanosekunde 60 hivi. Walitafuta kosa miezi kibao wakalikosa, wakaweka data hadharani wakaomba wenzao waikague. Baadaye ikaja kugundulika kuna kebo ya nuru haikukazwa sawasawa. Kebo!

Saa 8. Tunabadilisha kitu kimoja tu, urefu wa uzi: sentimita 40, 55, 70, 85, 100. Wanachora kipindi kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe dhidi ya urefu. Mstari umenyooka kama rula, ila haupiti kwenye sifuri, unakata mhimili wa urefu kwenye sentimita 1.5 upande wa hasi. Kimya. Halafu yule mpole wa kikundi, hajasema neno tangu asubuhi, akachukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, akaibana ile gololi ya chuma: sentimita 3.0. Nusu yake? Walikuwa wanapima uzi mpaka gololi inapoanzia, siyo mpaka katikati yake. Urefu wa kweli mita 1.015, rudia hesabu, 9.81.

Saa 10. Nasahihisha ripoti za wiki iliyopita. Moja ina 9.81 kamili kila mstari, na ukiiinua kwenye taa unaona namba za zamani zilivyofutwa chini yake, karatasi imechubuka. Nimempa alama ndogo, atakuja kulalamika, aje tu. Ile 9.67 ya asubuhi nimewaambia waiache kwenye daftari, waikate mstari mmoja ili isomeke, na pembeni waandike ilikosewa nini.

Saa 12 jioni nazima taa. Mzani unasoma 0.4. Nimerudi kwenye daftari kuandika.