Paka wangu Kombo na mkia wake uliopinda

Lamu paka hanunuliwi. Huja mwenyewe, akikuona huna matata hukaa. Wetu alikuwa jike wa mabaka matatu aliyeingia chini ya ngazi ya nyumba, hapa Mkomani, akazaa juu ya magunia matupu watoto wanne. Wawili mikia yao ilinyooka. Wa tatu alikuwa na kifundo kidogo ambacho jicho halikioni, mpaka upitishe vidole. Wa nne, dume, mkia wake ulikwenda sawa hadi karibu na ncha, kisha ukageuka upande kama ndoana. Huyo ndiye Kombo.

Nyumba za huku milango haifungwi mchana, na kila aliyepita kwenye daka alikuwa na dawa yake. Jirani mmoja alisema nimkande kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu na kila jioni nimvute mkia polepole, maadamu mifupa ingali michanga. Mwengine akaleta njiti mbili za ukuti na kitambaa, tumfunge. Mtoto wa nyumba ya pili aliapa kwamba punda alimkanyaga mama mtu mimba ikiwa tumboni. Aliyenivutia ni ami mmoja wa barazani aliyefanya kazi melini ujanani. Alimtazama Kombo, akacheka, akasema mikia ya namna hii aliiona kwa wingi katika bandari za mashariki ya mbali, na hakuna aliyeishughulikia.

Nilipokwenda kusoma nikakuta ami hakutia chumvi. Charles Darwin aliandika mwaka 1868 kwamba katika visiwa vya Malay, Siam na Burma paka wana mikia mifupi, nusu ya urefu wa kawaida, mara nyingi yenye fundo nchani. Siam ndiyo Thailand ya leo, na huko kuna ngano ya binti mfalme aliyemvika paka wake pete mkiani akienda kuoga, mkia ukajikunja ili pete zisidondoke. Mwaka 2016 watafiti walitaja badiliko katika jeni iitwayo HES7 kuwa linahusika na mikia hiyo mifupi ya paka wa Asia. Sidai kwamba Kombo ana asili ya huko. Mkia uliopinda hutokea kwa paka wa mahali popote, na hapa Lamu, ambako kila mgeni husimuliwa kwamba paka wetu ni wa tangu Misri ya kale, nimejifunza kutokimbilia nasaba.

Kabla ya yote nilimpapasa. Nilingoja ashibe maziwa alale, nikapitisha vidole viwili kutoka shinani hadi nchani. Pale penye pindo palikuwa pagumu, pamekazana, hapana joto wala uvimbe, na yeye hata sikio hakutikisa. Mkia ulioumia haukai hivyo: huwa na joto, huvimba, manyoya huchubuka, na paka akiguswa hugeuka akuume. Halafu nikangoja mama mtu arudi. Alipotokea, Kombo alimkimbilia mkia wote juu, ndoana ikining'inia kileleni. Hapo roho yangu ilitulia, kwa sababu mkia unaoinuka ni mkia ambao mishipa yake ya fahamu inafanya kazi.

Daktari wa mifugo nilimwendea hasa kwa ajili ya minyoo, nikamwonyesha na mkia. Alichokitazama kilinishangaza. Lile pindo aliligusa mara moja tu, muda wake akaumalizia shinani. Aliinua mkia, akaangalia kama tundu la haja linabana likiguswa, akamweka sakafuni atembee, akaniuliza kama analala mahali pakabaki maji. Nikamwambia la. Akasema basi hana neno.

Mkia wa paka una pingili kama ishirini hivi, kati ya 18 na 23, zikipungua unene kuelekea nchani. Wakati mimba inaumbika, pingili moja huweza kutoka nusu, upande mmoja mnene na mwengine mwembamba, au mbili zikashikana. Mkia hauna budi kufuata. Kwa nje unaona pindo, kwa ndani ni mfupa ulivyoumbwa, na mfupa wa namna hiyo haunyooki kwa kukandwa wala kwa njiti. Ukivutwa, kinachopata taabu ni mishipa inayopita shinani, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayotawala kibofu na haja kubwa. Jirani wa mafuta ya nazi nilimweleza kwa heshima; alinuna kidogo, akasema mafuta hayamdhuru mtu. Kweli hayadhuru. Paka aliyalamba yote.

Matunzo yenyewe ya Kombo hayana mambo mengi. Ndani ya lile pindo ulimi wake haufiki vizuri, kwa hiyo magamba ya samaki, mchanga na viroboto hupenda kujificha hapo. Nampangusa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, namkausha, naangalia kama ngozi imekuwa nyekundu. Taabu kubwa ilikuwa chandarua. Kila akiruka kutoka kitandani ndoana hunasa, na akinaswa huvuta kwa nguvu zake zote, mpaka vyandarua viwili vikararuka. Sasa chandarua hufungwa juu asubuhi, na vikapu vya mshipi mrefu havikai sakafuni. Nyuzi zangu za kushonea kofia nazo hufungiwa kwenye bati, ingawa hilo ningepaswa kulifanya hata kama mkia wake ungekuwa rula. Watoto waliambiwa jambo moja tu: paka hashikwi mkia, wala wa kunyooka wala wa kupinda.

Nisingeandika haya kwa ajili ya Kombo peke yake. Yaliyonifanya niandike yalitokea nyumba ya pili.

Ilikuwa msimu wa kusi, na wenye kuishi kisiwani wanajua kusi likipenya uchochoroni linavyoifanya milango hii mizito ya kuchonga. Ubao ulijipiga, mkia wa paka wa Bi mkubwa wa jirani ukabaki kati ya mlango na mwimo, naye kwa kiwewe akajivuta mbele. Mjukuu alikuja mbio. "Nyanya asema uye, paka yuwafa."

Hakuwa anakufa. Alikuwa amekaa pembeni, macho yametoka, na mkia wake mrefu, mzuri, uliokwenda sawasawa kuliko wa Kombo, ulilala chini bila uhai. Nilipomshika shinani alilia. Nilipomgusa nchani hakujua kama kuna mtu. Na watu waliokuwa pale walisema ashukuriwe Mungu, mkia haukupinda.

Bi mkubwa alikuwa ameshika kidonge cha parasetamoli, tayari amekivunja nusu. Nilimwomba akiweke. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo ipasavyo. Damu yake huacha kubeba hewa, ufizi hubadilika rangi kuwa wa kahawia, na hata kipande kidogo kinaweza kumwua. Katika yote niliyoyaandika hapa, mtu akisahau mengine na akakumbuka hili, sitalalamika.

Daktari alisema pingili zimeachana pale mkia unapoungana na kiuno, na mishipa imevutika. Alimpa dawa ya maumivu ya paka kwa kipimo cha uzani wake. Mkia wenyewe akauacha, akasema kwanza tumwangalie mkojo. Siku ile hakukojoa. Kibofu kilijaa kikawa kigumu, na mkojo ukaanza kuchuruzika wenyewe kila alipolala. Kuchuruzika huko ndiko kunakowadanganya watu. Wakiona maji hudhani anakojoa, kumbe kimejaa hadi kinafurika, na sumu inarudi mwilini.

Tulifundishwa kumkamua. Paka husimamishwa, mkono mmoja humtuliza kifuani, mwengine hukitafuta kibofu chini ya tumbo, mbele kidogo ya mapaja, ukakibana taratibu ukielekeza nyuma mpaka mkojo utoke. Usipotoka hulazimishi, unarudi kwa daktari, maana kibofu huweza kupasuka. Haya si mambo ya kujifunza kwa kusoma. Mikono yangu ilishikwa na ya daktari mpaka nikajua kiasi cha nguvu. Asubuhi, adhuhuri na usiku nilikuwa kwa Bi mkubwa, yeye akimsomea paka na mimi nikimkamua juu ya beseni.

Kikwazo kingine kilikuwa tohara, yaani usafi wa ibada. Paka si najisi, kila mmoja wetu amelelewa hivyo, na hata maji aliyoyanywa watu hutawadha. Lakini mkojo wake ni najisi, na paka anayevuja katika nyumba ya mama anayesali sunna mpaka usiku ni mtihani. Tuliviondoa misala na mikeka ukumbini, paka akapewa kiwanda kidogo cha nyuma, yaani ua, chenye sakafu ya saruji inayomwagiwa maji, na vitambaa vyake vikafuliwa mbali na nguo za watu. Nyuma ya mapaja tulimpaka mafuta mazito ya kulainisha ngozi, kwa sababu mkojo huunguza.

Daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba akipita mwezi hajakojoa mwenyewe, matumaini yatakuwa madogo sana. Aliyetutia moyo ni paka mwenyewe. Tangu mwanzo alikuwa akiguswa karibu na tundu la haja anabana, dalili kwamba mishipa haikukatika yote. Kabla ya mwezi kuandama alichutama mchangani akamaliza haja yake, na Bi mkubwa akapiga kigelegele ambacho majirani walidhani kuna posa.

Mkia haukurudi. Uliendelea kuburuzwa, ukichafuka na kupata vidonda asivyovihisi, hadi ukakatwa shinani akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Leo ana kishina kifupi na hupanda ukuta wa matumbawe kama zamani. Mlango wa Bi mkubwa sasa una kamba inayofungwa kwenye pete ya ukutani, na mimi wangu nimeuwekea jiwe.

Kukatwa huko kulizua mazungumzo barazani. Kijana mmoja aliyewaona paka wasio na mikia kwenye simu alitaka kujua kama wanaweza kuzalishwa huku tuwauzie watalii. Paka hao ni wa Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, na jeni inayowakata mkia haiishii mkiani. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama hufia tumboni. Akiirithi kwa mmoja anaweza kuzaliwa na uti wa mgongo uliokosea, akaishi kwa kuvuja mkojo kama tulivyomwona yule, ila yeye bila kupona. Kijana aliuliza kuhusu biashara ya majongoo ya bahari badala yake.

Kombo nilimhasi. Wengine walidhani ni kwa sababu ya mkia, ili asiwarithishe wana. Kama ni hilo tu nisingejisumbua, kwa kuwa ndoana yake haimdhuru yeye wala haitawadhuru wao. Nilimhasi kwa sababu Lamu ina paka wengi kuliko vichwa vya samaki, na dume asiyehasiwa hupigana kila usiku akarudi na majipu. Shekhe wetu nilimwuliza, akasema pakiwa na manufaa na hakuna kumtesa mnyama, haoni ubaya.

Dada yake, yule mwenye kifundo kisichoonekana, alichukuliwa na familia moja ya Shela kwa sharti kwamba akifikia umri atafungwa kizazi. Walikubali, kisha wakauliza kama kile kifundo kitayeyuka akikua. Niliwajibu kwamba hakitayeyuka wala hakitazidi, na wasisahau dawa ya minyoo.