Shamba la Waterloo

Mwezi Juni mwaka 2012, mjomba wangu alipokuja Brussels kunitembelea akitokea Uvira, mashariki mwa Kongo, nilimpeleka Waterloo, mahali ambapo Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alishindwa vitani, nikiwa na daftari nililonakilia mashairi ya Waingereza kuhusu Napoleon. Tulipanda ngazi 226 za Kilima cha Simba, kilima cha ukumbusho wa vita hivyo, na kule juu nikaanza kumsomea, nikitafsiri kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza.

Nilianza na Wordsworth, kwa kuwa nilimheshimu kwa soneti aliyomwandikia Toussaint L'Ouverture, kiongozi wa watumwa waliojikomboa Haiti, ambaye Napoleon alimfungia katika ngome ya milimani Ufaransa hadi akafa mwaka 1803. Lakini mshairi huyo huyo, alipomshukuru Mungu mwaka 1816 kwa ushindi wa Waterloo, alimwambia, "Machinjo ni binti yako." Mjomba, ambaye vita vya kwetu vilimwachia makaburi ya watoto wawili, aliniomba nirudie. Nikarudia.

"Huyo alikuwa mbali na mapigano," akasema.

Sikuwa na la kumtetea Wordsworth. Mpaka leo naamini ule ndio mstari mbaya kuliko yote aliyoandika, na mwenyewe uzeeni aliuondoa. Nikamsomea Shelley, aliyekiri kumchukia dhalimu aliyeanguka, huku akiona kwamba desturi kongwe na uhalifu uliohalalishwa na sheria ni maadui wabaya zaidi wa wema. Mjomba akaitikia kwa kichwa.

Kisha Byron. Huyu alimpenda Napoleon tangu shuleni, akaigombania sanamu yake mbele ya wenzake, na Napoleon alipojiuzulu mwaka 1814 alimwandikia utenzi wenye uchungu wa mtu aliyeangushwa na shujaa wake. Alifika Waterloo mwaka 1816, hata mwaka haujatimia tangu vita vya tarehe 18 Juni 1815, akaandika jinsi mvua ile nyekundu ilivyostawisha mavuno.

Mjomba alinyamaza, akiitazama ngano iliyotuzunguka pande zote, halafu akataka tushuke. Pembeni mwa shamba aliinama, akachukua udongo, akausugua kwa vidole kama mkulima anavyofanya kabla ya kupanda.

"Mwaka ule muhogo wetu ulistawi sana," akasema. "Hakuna aliyetaka kuung'oa."

Akaniomba nimsomee tena mstari wa Byron, safari hii kwa Kiingereza, apate kuisikia sauti yake.