Shangazi na maji ya Takwa

Shangazi aliolewa Dar es Salaam kabla mimi sijazaliwa, na kaskazi hii amerudi Amu, yaani Lamu, pamoja na wajukuu zake wawili. Walilala Mombasa, wakapanda basi la alfajiri, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe. Nilipompokea gatini miguu ilikuwa imemvimba. "Shikamoo, Shangazi." Badala ya marahaba aliniangalia usoni kwa muda, akasema, "Una macho ya kakangu." Baba alifariki miaka sita iliyopita. Sikuwa tayari kwa neno hilo pale kwenye makuli na mizigo.

Nilikuwa nimeshapanga kila kitu: Ngome, makumbusho, msikiti wa Riyadha, kisha kijiji cha Shela kwa miguu. Watoto walifurahia mji usio na magari, wakawa wanahesabu punda Usita wa Mui, njia kuu ya mjini, mpaka wakachoka. Kila nikisema "ndia" kwa Kiamu chetu, mdogo alinirekebisha: njia.

Siku ya pili tulikwenda Ngome. Nikaanza kueleza kwamba ujenzi ulimalizika 1821, lakini Shangazi alisimama mlangoni akanishika mkono. "Mwanangu, huku tulikuwa hatuingii." Mahali hapo palikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984, na yeye aliondoka zamani kabla halijafungwa. Nilikuwa naijua miaka hiyo, ila sikuwahi kufikiria kuwa msichana wa mtaani alikuwa akipita hapa ameinamisha macho. Aliingia hatimaye. Alipoona kuna maktaba ndani, alikaa kwenye kiti akatulia, na mimi nikanyamaza.

Jioni, tukila mkate wa mofa na samaki wa kupaka, alisema anachotaka hasa ni Takwa, magofu ya mji wa kale. Marehemu mama yake, bibi yangu, alikuwa mtu wa Shela, na watu wa Shela huvuka kwenda Takwa mara mbili kwa mwaka kuomba mvua. Shangazi alichukuliwa huko akiwa mdogo. Mimi ninayeishi hapa mara ya mwisho nilikwenda na shule.

Takwa iko kisiwani Manda, na huendi kwa saa yako, unakwenda kwa saa ya maji. Mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko hukauka maji yakipwa, chombo kikabaki juu ya tope. Bahati yetu ilikuwa bamvua, maji yakijaa alasiri. Nahodha alituonya tusikae sana. Mwanzoni alitumia mashine, kisha akaizima akachukua upondo, na mikoko ikatukaribia pande zote mbili. Watoto, ambao tangu Mokowe hawakunyamaza, walinyamaza.

Watu waliuhama mji ule karne ya 17 ikielekea mwisho. Msikiti wake umebaki, na nguzo imesimama juu ya ukuta wa kibla. Sijaona mwingine kama huo. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani kama 1683. Shangazi alivua viatu akasoma Fatiha. Kijana mkubwa aliuliza ni nani amezikwa. "Mtu wetu," alijibu, akaendelea kusoma.

Nilitamani kukaa mpaka magharibi. Nahodha alishaita mara mbili, na tulipofika chomboni mizizi ya mikoko ilikuwa imeanza kuchomoza. Tulimbeba Shangazi hatua chache za mwisho, mimi na yule kijana.

Siyu, kule kisiwani Pate, hatukufika, na hilo linaniuma, kwa sababu siku mbili nzima nilizitumia kumtembeza kwenye vitu nilivyovitaka mimi. Waliondoka Jumatano. Juzi amepiga simu kuuliza mwezi utaandama lini baada ya Ramadhani, maana bamvua hufuata mwezi. Nikamhesabia siku. Akasema ngoja aandike, akamwita mdogo amletee kalamu.