Rangi ziliisha?

"Huyu ni mama yako?"
"Ndiye, baba mdogo."
"Sasa rangi ziliisha?"

Hayo tu aliyosema baba mdogo juu ya picha niliyomchora mama, akarudi kwenye chai yake. Kipaimara cha Neema kimepita salama, ofisini tumehamishiwa ghorofa ya juu, lakini nikipanda daladala ya Kiboriloni ninachosikia ni "rangi ziliisha?"

Kinachouma ni kwamba hakukusudia kunichoma. Ni mtu wa mabango ya saluni na maduka huyu. Kwake ubao ukibaki na sehemu tupu, basi fundi hajalipwa. Na macho yetu wengi yamelelewa na picha za Tingatinga: chui, ndege, majani, rangi imejaa mpaka ukingoni.

Nilitamani nimweleze habari za Egon Schiele, yule mchoraji Mwaustria aliyekufa kwa mafua makali mwaka 1918, akiwa na miaka 28. Alichora mstari mtu akiwa mbele yake, mstari mkavu, wenye kona pale wengine wangeulainisha. Rangi aliitia baadaye, mtu mwenyewe keshaondoka: wekundu kwenye kiwiko, kijani kidogo shavuni, na karatasi nzima imeachwa hivi hivi. Jicho lako halina pa kukimbilia. Linakwenda kwenye kiwiko.

Nami mama nimemchora kwa penseli: kilemba, taya, bega la kushoto lililoshuka kuliko la kulia. Rangi niliitia usiku amelala, kwenye vidole peke yake. Kahawia inayokaribia weusi, ule utomvu wa ndizi usiosikia sabuni, maana alikuwa anamenya za mtori. Ningepaka na kitenge, nani angeviona vidole? Lakini hayo unamwambiaje baba mdogo, kikombe kiko mdomoni?

Jana mama mwenyewe akaishika ile karatasi. Akaisogeza dirishani, akaiweka mbali, akaileta karibu. Kuhusu kilemba, kimya. Kuhusu uso, kimya.

"Wewe mtoto, si ungengoja kwanza ninawe mikono?"

Nimecheka mpaka akanikasirikia. Anataka nimchore upya, mikono ikiwa misafi. Sifanyi. Hiyo naitafutia fremu mjini mwisho wa mwezi, baba mdogo atake asitake.

Ila ng'ombe hajagusa majani tangu juzi na pua yake imekauka. Daktari wa mifugo kasema atapita kesho, na kesho yake naijua.