Njuga zimeota: 31 kati ya 40

Mbegu zangu za njuga zimeota. Naandika nikiwa bado na udongo kwenye kucha, maana nikingoja jioni kuranti itakuwa imekatika na furaha yenyewe imepoa. Asubuhi nimefunua kitambaa, nikahesabu, nikahesabu tena, kisha nikamwita binti yangu ahesabu yeye: 31 kati ya 40, siku ya nne. Tangu Novemba sijawahi kupita 14.

Mmea wenyewe ni Crotalaria ya maua ya njano niliyoikuta kwenye dembo, yaani bonde la nyasi linalolowa wakati wa mvua, upande wa barabara ya Kipushi, imesimama kati ya nyasi zilizokwisha kuungua rangi kwa kiangazi, maganda yamevimba kama vibofu na kila upepo ukipita yanalia. Jinsi hii ina spishi zipatazo 700, nyingi ziko Afrika, na kuzitenganisha unaulizwa mpaka umbo la mdomo wa ua, kwa hiyo jina kamili litasubiri maua ya hapa nyumbani. Mimi naiita njuga. Wagiriki nao waliisikia hivyo hivyo, maana Crotalaria imetokana na krotalon, kigongeo chao cha kuchezea ngoma.

Kabla mtu hajaniuliza: hapana, sikuchuma kwenye vilima vya shaba. Crotalaria cobalticola, ile inayoota kwenye ardhi yenye kobalti, haipatikani popote duniani isipokuwa huku kwetu Katanga, kusini mwa Kongo. Vilima vyake ndivyo hivyo vinavyochimbwa kila siku, na kilima kikiondoka ua nalo linaondoka. Siendi kumpokonya mbegu mtu anayefukuzwa nyumbani kwake. Yangu ni ya majani ya kawaida, mbuzi wanaipita.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe, yaani ganda la mbegu.

Novemba, mvua za kwanza, nilizilowesha usiku kucha kama maharagwe nikazipanda. Mbegu 40, siku 21, zikaota mbili. Nilipofukua nikazikuta nyingine 38 ziko vile vile, kavu, zinang'aa. Ukiiangusha moja kwenye sahani inalia *ti!* kama changarawe. Wiki tatu ndani ya udongo uliolowa, na maji hayajapita hata tone.

Nikaenda kwenye maji ya moto. Hapa Lubumbashi tuko mita 1,200 na ushei juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, nikajiambia huo ni upungufu mdogo, hautanisumbua. Nimetoa sufuria kwenye mbabula, nimemimina moja kwa moja. Kumi na moja zikavimba vizuri sana, nikashangilia, na siku ya tatu nane kati ya hizo zikawa uji unaonuka. Nimerudia nikiacha maji yapoe kidogo: 9. Nimerudia tena mama watoto akihitaji mbabula kwa bukari, yaani ugali, nikaharakisha, sitaki hata kuandika matokeo.

Asidi ya salfa inasifiwa sana kwa kazi hii, na katika mji huu si kitu cha kutafuta kwa tochi, malori yake yanapita kwenda migodini. Lakini nina watoto watatu na nyumba ya vyumba viwili. Asidi hapana.

Halafu msasa. Ule ujanja wa kubandika msasa ndani ya kiberiti, unatia mbegu, unatikisa mpaka mkono unakufa. Nimetikisa nikiangalia mpira, dakika 90 na za nyongeza. Matokeo: 14 zimeota, 12 zimevunjika, zilizobaki zimechubuka kwa nje tu. Maoni yangu juu ya msasa ni kwamba ni kifaa cha mabati na milango. Unakwangua mbegu zote bila kujua ipi imetosha na ipi bado. Anayesema msasa umemfaa, nadhani alikuwa na mbegu kubwa. Hizi zangu hazifiki hata milimita tatu.

Lakini kilichoniumiza kichwa si hao 14. Ni zile mbili za Novemba. Kwa nini mbili zimeota na maji matupu, na 38 zimekataa? Nikarudi kwenye kikaratasi nilichofungia mbegu, nikaangalia alama zangu. Zile mbili zilikuwa za rangi ya kijani-njano. Zilitoka kwenye ganda moja bichi ambalo binti yangu alilichuma aone kama nalo litalia (halikulia, akalitupa kwenye kopo langu). Zote 38 zilikuwa za kahawia, kutoka maganda makavu, tena zilizokaa Julai nzima na Agosti nzima juu ya bati. Nani aliziweka juu ya bati? Ni mimi. Nilijiona mkulima hodari, nikazianika kama mihogo.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya kitovu. Kila mbegu ya jamii ya mikunde ina kitovu, lile kovu iliposhikwa na ganda. Mwaka 1954 mtafiti mmoja aitwaye Hyde alionyesha kwamba kwenye baadhi ya mikunde kitovu hicho kinafanya kazi kama mlango wa upande mmoja. Hewa ya nje ikiwa kavu, ufa wake unafunguka na unyevu wa ndani unatoka. Hewa ikiwa na unyevu, unajifunga. Maana yake mbegu inaweza kukauka zaidi na zaidi, lakini kurudisha unyevu haiwezi. Sasa fikiria kiangazi chetu, midomo inapasuka, ngozi inakuwa nyeupe bila mafuta, na mimi nimeziweka juu ya bati la moto miezi miwili mlango ukiwa wazi. Nilizifunga kwa kufuli kwa mikono yangu mwenyewe, halafu nikatumia Novemba, Desemba na nusu ya Januari kuzilaumu.

Kwa hiyo kitovu tusikiguse, tutoboe ukuta upande mwingine. Nikaanza na wembe. Wembe ni mzuri kwa mtu mwenye vidole kumi vya akiba. Mbegu inateleza, wembe hautelezi. Nikahamia kikata kucha, na mara ya kwanza nikabana pale palipoingia vizuri, karibu na kitovu, kwenye lile bonde linaloifanya mbegu ifanane na moyo uliopinda. Makosa. Kijizizi kimelala pale pale kando ya bonde. Kumi zote zilivimba, kumi zote zikaoza. Nilikuwa nawakata vichwa watoto.

Mgongo, basi. Shika mbegu kwa kibanio cha nyusi (nimeazima bila kuomba, tayari nimesamehewa), tochi ya simu mezani, bonde likuangalie wewe, kikata kucha kiguse mgongo tu mpaka usikie *tki* na uone doa jeupe. Ukiona njano umekwenda mbali. Mbegu 40 zilinichukua saa moja na nusu. Usiku nikazilowesha, asubuhi zimenenepa mara mbili, ganda limekuwa laini kama la njegere. Baada ya msasa na masufuria yote yale, kumbe dawa ni kuchanja, moja moja, kama watoto kwenye kituo cha afya. Na kikata kucha ni cha soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, bei ya ndizi mbili.

Muzee jirani amepita akaona kopo, akauliza: "Baba, hiyo ni mboga?" Nimemwambia hapana Muzee, na mbuzi wako tuwafunge, maana Crotalaria nyingi zina sumu inayokula ini la mifugo polepole. Ameangalia kopo, ameangalia mbuzi, akaenda bila kuaga. Kesho nafunga wavu.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kupanda miche kwenye udongo wa aina mbili, huu mwekundu wa uani na ule wa kichuguu, na kupima urefu kila Jumapili. Mabakuli yako tayari, nimeyaandika namba. Sitafanya. Wakati napanga nafasi, nimeng'oa miche ya zamani, ile ya msasa, iliyokuwa kwenye madumu mawili: moja la mchanga wa mto niliouosha, jingine nilichanganya kwa uvivu na ule udongo ulioshikamana na mizizi ya mama yao kule dembo. Miche ya mchanga ina majani ya njano, mizizi mitupu. Ya dumu la pili ni kijani iliyokolea, na mizizi imebeba vinundu kama punje za uwele. Nimekata kimoja kwa wembe ule ule ulionikata kidole. Ndani ni waridi, kama nyama! Bakteria wameingia na wako kazini, wanatoa naitrojeni hewani, na ile rangi inatokana na kitu cha ukoo mmoja na wekundu wa damu yetu.

Nimekata vinne vingine, vyote waridi. Cha sita kilikuwa kijani, kimezeeka. Jumamosi narudi barabara ya Kipushi na mfuko wa saruji mtupu, mbegu ziko za kutosha, nafuata udongo.