Tasi wa kiganja kimoja

Juzi asubuhi, pale wavuvi wanapoteremshia samaki Msambweni, nilinunua fungu la tasi ambao hakuna hata mmoja aliyezidi urefu wa kiganja changu, na muuzaji akaniambia, "Ndio wakubwa hao, mama." Samaki wa kimo hicho huenda hajataga hata mara moja, lakini juya, yaani wavu wa kukokota, lenye macho madogo, ambalo Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, halichagui.

Kinachonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni samaki aitwaye kikande, ambaye wengi humdharau kwa ngozi yake ngumu (hata mimi simpendi chunguni). Yeye ndiye hula wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaotuchoma miguu maji yakipwa; kikande akivuliwa kupita kiasi, viumbe hao huongezeka na kuyakwangua matumbawe hadi yakamomonyoka. Miamba iliyokwisha kudhoofishwa hivyo ndiyo iliyokutwa na joto la El Niño la mwaka 1998, matumbawe yakapauka pwani nzima na mengi yakafa. Kule Kisite, ndani ya hifadhi ambamo uvuvi hauruhusiwi, kikande bado wapo, na viumbe wale wa miiba ni wachache.